Siku Arobaini na Tano za Arlys Vondra

Arlys Vondra alikuwa karani wa mji wetu wa Grell, Nebraska, kwa miaka kumi na tisa. Miaka kumi na moja kati ya hiyo ilikwenda kwenye kutafuta bomba la maji. Mimi nilikuwa dereva wa boza. Kila Jumanne nilijaza maji Holbeck, makao ya kaunti, nikaendesha maili thelathini na nane hadi Grell, nikaegesha nyuma ya ofisi ya mji, na wenye watoto wachanga wakaja na madumu yao. Wakati wao wanakinga, sikuwa na la kufanya, kwa hiyo niliingia ndani kunywa kahawa ya Arlys. Yeye alizungumza, mimi nilisikiliza. Ndivyo nilivyoyajua mengi ya haya.

Grell ina watu mia tatu na kumi na wawili, na kila upande ukitazama ni mahindi. Mbolea inayotiwa kwenye mahindi huzama ardhini na kuingia visimani mwetu. Mtu mzima haoni kitu. Lakini mtoto wa miezi miwili mitatu akipewa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo, damu yake inashindwa kubeba hewa na midomo inageuka bluu. Kuyachemsha ni kubaya zaidi, maana maji yanapungua na sumu inabaki palepale. Arlys alikuwa amebandika karatasi mlangoni: USICHEMSHE. Mwanawe wa pili, Curtis, aligeuka rangi akiwa na wiki saba. Walimwahi, na leo ni jitu linaloinama likipita mlangoni. Arlys alinisimulia habari hiyo mara moja tu, huku anapanga mafaili. "Rangi ile haitoki machoni," alisema, kisha akaniuliza kama nimeona stempu zake.

Bomba lenyewe lingetoka kwenye mradi mkubwa wa maji ulioko kaskazini, maili kumi na tisa. Gharama ilikuwa dola milioni moja na laki nne, na Grell nzima ukiiuza pamoja na mnara wa maji huzipati. Kwa hiyo Arlys alijaza fomu. Fomu ikirudi alijaza nyingine. Alipima kina cha visima, alihesabu watoto, aliandika barua kwa wabunge watatu waliofuatana, na mmoja wao alifariki kabla hajamjibu. Mwaka wa kumi na moja Bunge kule Washington lilipitisha fedha zile ndani ya bajeti. Ulikuwa mstari mmoja, wenye jina la mji wetu. Rais akatia saini.

"Kwa hiyo ni zetu sasa?" nilimuuliza.

"Zimeidhinishwa," alisema. "Zitakuwa zetu siku tutakayosaini mkataba. Kabla ya hapo zimekaa tu kule. Na mwisho ni tarehe thelathini Septemba. Mwaka wa fedha ukiisha na zenyewe zinaharibika, kama maziwa."

Mkataba ulichukua miezi kuandaliwa. Ulifika kwa posta Alhamisi, tarehe kumi na nne Julai. Mkutano wa baraza la mji, ambao ndio wenye mamlaka ya kuukubali, ulikuwa Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Kwenye karatasi mambo yalikaa vizuri kabisa. Lakini wiki ile ilikuwa ya maonyesho ya kaunti.

Wiki ya maonyesho Grell yote inahamia Holbeck. Posta inafunguliwa saa mbili tu kwa siku, mchungaji anafupisha mahubiri bila kuombwa, na baraza la mji halikutani. Hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu hilo. Halikutani tu. Mwaka lilipoungua ghala la nafaka katikati ya maonyesho, madiwani walingoja siku nne ndipo wakaketi kulizungumzia.

Jumanne ile nilikuwa Holbeck najaza boza nilipomwona Arlys anakatiza uwanja wa maonyesho amevaa viatu vya kanisani, bahasha kubwa kwapani.

"Njoo," aliniambia. "Wewe mrefu, utaona juu ya vichwa vya watu. Nitafutie Delmar."

Delmar Pfeifle alikuwa meya, na siku za kazi aliuza matrekta. Tulimkuta kwenye banda la nguruwe, ameshika fimbo, anatokwa jasho kana kwamba yeye ndiye anayepimwa. Kando yake alikuwepo Orrin Stoltz, diwani, na glasi ya bia.

"Delmar, nahitaji madiwani watatu na dakika kumi," Arlys alisema.

"Arlys, mama, huoni niko wapi?"

"Naona nguruwe."

"Huyu si nguruwe tu. Huyu ni nguruwe wa mjukuu wangu, yuko kwenye mashindano, na jaji yule pale anakuja."

"Sheria inataka tangazo la siku moja. Nabandika leo, kesho saa nne mnakutana hapahapa Holbeck. Hata kwenye hema la bia. Mnasaini, mnarudi kwa nguruwe wenu."

Orrin alicheka hadi bia ikamwagika. "Baraza likutane wiki ya maonyesho! Watu watasema mji umefilisika."

"Wewe Orrin kunywa bia yako, sijakuita."

"Lakini dada, pesa imepita Bungeni, rais mwenyewe kasaini. Itakimbilia wapi ndani ya siku sita?"

"Sijui itakimbilia wapi. Ndiyo maana nataka kuifunga kamba."

Delmar alimshika bega, kwa upole kabisa. Si mtu mbaya. "Jumatatu ijayo, saa moja jioni. Nitasaini kwa mikono miwili. Sasa niache, jaji huyu."

Arlys alisimama pale mpaka mwisho. Nguruwe alishika nafasi ya tatu.

Alhamisi ya wiki ileile rais alipeleka barua Bungeni. Ndani yake kulikuwa na orodha ya mambo thelathini na sita, yote yakiwa yameshapitishwa na kusainiwa, na sasa aliomba yafutwe ili kupunguza matumizi ya serikali. Bomba la Grell lilikuwa namba ishirini na tatu. Arlys alipigiwa simu Ijumaa na ofisi iliyotuletea mkataba. Wakamwambia wasisaini kitu, fedha zimeshikwa.

Nilipofika Jumanne kahawa ilikuwa chungu, sijui aliiacha motoni tangu saa ngapi. Jana yake madiwani walikuja mkutanoni, wote watano ukimhesabu Delmar, kila mmoja na kalamu yake mfukoni.

"Nikawaeleza," Arlys alisema. "Delmar ananiambia, 'Lakini ilishapitishwa!' Mara tatu. Kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba huku anaonyesha risiti ya kodi."

"Inawezekana kweli?" niliuliza. "Kufuta kilichopita?"

"Inawezekana. Rais anaomba, Bunge linaamua. Mabaraza yote mawili ya Bunge, Wawakilishi na Seneti, yakipiga kura ya kufuta, imekufa. Wasipokubali, lazima aziachie. Ila wakati wanafikiria, anaruhusiwa kuzishika siku arobaini na tano." Alijimiminia kahawa ile ile chungu akainywa. "Tungekuwa tumesaini, zingekuwa ndani ya mkataba. Zisingeguswa. Zisingeingia hata kwenye orodha."

"Kwa hiyo ni nguruwe," nilisema.

Mimi si msemaji, na sikukusudia kuchekesha.

"Ni nguruwe," Arlys alisema. "Wa nafasi ya tatu."

Kisha akampigia Janelle Rudd, binti aliyekuwa msaidizi wa mbunge wetu katika ofisi yake ya Holbeck. Simu ya Arlys ilikuwa na sauti kubwa, ukikaa mezani unasikia pande zote mbili.

"Bi Arlys, usihangaike," Janelle alisema. "Bunge halipendi mtu afute kilichoandikwa na Bunge. Mara nyingi hawapigi hata kura. Siku arobaini na tano zikipita kimya, pesa inaachiwa. Wewe omba wakae kimya."

Arlys alishusha kalenda ya duka la mbegu ukutani, akahesabu kwa penseli. Ziliangukia tarehe nne Septemba. Hapo hadi tarehe thelathini kulikuwa na nafasi ya kusaini mikataba kumi. Siku hiyo alinipa kipande cha pai ya cheri niende nacho.

Jumanne iliyofuata, tarehe mbili Agosti, nilimkuta amevaa miwani mbele ya karatasi za faksi. Alikuwa ameomba sheria yenyewe ya siku arobaini na tano aisome. Ndivyo alivyo, hata dawa ya kikohozi anasoma karatasi yote. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari mmoja, na simu alikuwa ameishika kwa mkono mwingine.

"Binti, hapa pameandikwa siku za kikao mfululizo. Jumamosi inahesabiwa?"

"Inahesabiwa, Bi Arlys."

"Hata kama wamelala nyumbani?"

"Hata kama wamelala."

"Na Agosti?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa upande wa pili.

"Agosti wako likizo," Janelle alisema.

"Najua wako likizo. Nauliza inahesabiwa?"

Karatasi zikafunuliwa tena. "Wakivunja kikao zaidi ya siku tatu... siku hizo hazihesabiwi."

Arlys alivuta kalenda akaanza upya, nami nikahesabu naye kimoyomoyo. Tangu kesho yake ya barua hadi tarehe tano Agosti, siku kumi na tano. Hapo wanaondoka. Wanarudi Jumanne, tarehe sita Septemba. Kutoka hapo hadi tarehe thelathini, siku ishirini na tano. Jumla arobaini.

"Zinabaki tano," alisema kwenye simu. "Janelle, mwanangu, siku ya arobaini na tano ni tarehe tano Oktoba. Pesa inakufa tarehe thelathini Septemba."

"Ngoja nihesabu."

"Hesabu."

Tulimngoja. Nje kulikuwa na mama anapiga dumu lake kwa kiganja kusikiliza kama limejaa.

"Ni kweli," Janelle alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuwa nimehesabu hivyo."

"Kwa hiyo wakisema futa, tumekwisha. Wakikaa kimya, tumekwisha. Na wewe uliniambia niombe wakae kimya. Nimeomba wiki nzima!"

Mwezi ule wa Agosti mbunge wetu alikuwa nyumbani, likizo ileile isiyohesabiwa, akizunguka kupeana mikono. Alifika Grell Jumamosi moja kwenye kifungua kinywa cha wazima moto, tunapokula chapati za maziwa na sharubati ya sukari kwenye ukumbi wao. Arlys alimngojea karibu na mapipa ya kahawa, mahali ambapo kila mtu lazima apite.

"Nimeshasikia, Bi Vondra," alianza yeye. "Nitahakikisha Grell inatolewa kwenye orodha ya kufutwa. Nakupa neno langu."

"Nashukuru. Lakini kututoa kwenye orodha hakutoshi. Siku zinaisha baada ya mwaka wa fedha. Tunahitaji..."

"Neno langu," alirudia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mpiga picha akapiga, naye akasogea kwa aliyefuata. Picha ile ilitoka gazetini. Mbunge anacheka. Arlys mdomo uko wazi, katikati ya sentensi.

Neno alilitimiza, lazima niseme. Tarehe kumi na tatu Septemba kamati ya Baraza la Wawakilishi ilikaa ikauchambua muswada wa kufuta, ikaondoa mambo kumi na moja, Grell ikiwemo. Nilipoingia mjini na boza siku ile, benki ilikuwa imeweka herufi za plastiki kwenye ubao wake: HONGERA GRELL. Ofisini kwa Arlys kulikuwa na watu, na trei mbili za kolachi, vile vimkate vyenye jamu ya plamu katikati. Delmar alikuwa anawapa watu mikono kama bwana harusi.

"Bado," Arlys alisema.

"Arlys, jamani! Hata tukishinda unanuna?"

"Delmar, wametutoa kwenye muswada wa kufuta. Hawajatoa pesa. Pesa bado imeshikwa."

"Lakini Bunge limekataa kuifuta!"

"Kamati imekataa."

"Basi kamati. Imekataa. Anaishikilia ya nini?"

"Kwa sababu sheria inamruhusu kushika mpaka siku ziishe, hata kama kila mtu kule ameshakataa. Na siku zinaishia Oktoba."

Orrin alikuwa na kolachi mdomoni. "Ngoja kwanza. Bunge halitaki kuifuta."

"Halitaki."

"Na rais hawezi kuifuta peke yake."

"Hawezi."

"Na bado hatuipati."

"Bado."

Orrin alitafuna, akameza, akafikiri. "Sasa huko shuleni mlisoma nini, nyinyi watu wa serikali?" alimuuliza, kana kwamba Arlys ndiye aliyeitunga. Arlys alimnyang'anya trei akaiweka juu ya kabati.

Palikuwa na njia moja tu iliyobaki. Bunge halimalizi bajeti kwa wakati. Kila mwaka, Septemba ikielekea ukingoni, linapitisha sheria ya muda ili ofisi zisifungwe, na humo ndani mtu mwenye nguvu anaweza kuchomeka sentensi. Arlys aliiandika yeye mwenyewe kwa taipureta: *Fedha za bomba la maji la mji wa Grell zitaendelea kupatikana hadi tarehe thelathini na moja Oktoba.* Mashine ya faksi ilikuwa mbovu, karatasi haiingii mpaka mtu abonyeze kifuniko. Nilibonyeza.

"Ni sentensi nzuri, Bi Arlys," Janelle alisema baada ya kuipokea.

"Sitaki iwe nzuri. Nataka iwemo."

Kwa wiki mbili alimpigia Janelle kila siku saa tatu asubuhi. Janelle naye aliwapigia wa Washington, na nadhani hakuna msichana aliyewahi kuchukiwa hivyo katika ofisi zile. Jumanne tarehe ishirini na saba simu ililia kabla sijaketi.

"Imeingia!" Janelle alipiga kelele. "Bi Arlys, imeingia! Wawakilishi wamepitisha asubuhi hii!"

Arlys alivua miwani. Alikaa chini taratibu, akafuta vioo kwa pindo la sweta, ingawa vilikuwa safi. Nilitazama dirishani.

Kisha akasema, "Nisomee."

"Ni ileile, wanasheria wa kamati wameinyoosha kidogo tu. 'Fedha za bomba la maji la mji wa Grell zitaendelea kupatikana kwa muda wote wa sheria hii.'"

"Tarehe yangu iko wapi?"

"Wameitoa. Walisema sheria zote za muda zinaandikwa hivi, kwa muda wa sheria yenyewe."

"Na sheria yenyewe inaisha lini?"

Nilisikia Janelle anavuta pumzi. Hakuwa amelitazama hilo, au alikuwa amelitazama na hakutaka kuliona.

"Mwaka huu wanasema watamaliza bajeti wikendi hii. Kwa hiyo wameiwekea... Jumanne. Tarehe nne Oktoba."

"Nne."

"Ndiyo."

"Siku ya arobaini na tano ni tarehe tano."

"Najua, Bi Arlys."

"Siku moja, Janelle. Waambie wabadilishe tarakimu. Tarakimu moja!"

"Seneti inapiga kura kesho. Wakibadilisha hata nukta, lazima irudi kwa Wawakilishi, na hakuna anayekubali irudi. Nimewauliza. Nimewauliza wote." Hapo akaanza kulia, msichana wa watu.

"Umekula kitu leo?" Arlys alimuuliza.

"Bado."

"Nenda ukale. Tutazungumza mchana."

Alipoweka simu chini aligonga meza kwa ngumi mara moja, vikombe vikaruka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akifanya hivyo.

Lakini mchana alikuwa ameshapata la kushika. "Lini umewahi kuwaona wanamaliza kwa wakati?" aliniuliza. "Kila mwaka wanasema wikendi hii. Hawatamaliza. Jumanne watasogeza sheria ya muda mbele, wiki mbili, wiki tatu, na sentensi yangu itasogea nayo. Tunachohitaji ni wachelewe tu. Wachelewe kama kawaida yao!"

Habari hiyo ilienea. Jumapili mchungaji, ambaye ana mtoto wa miezi minne na huja kwenye boza langu na madumu sita, alisimama mimbarani akaomba mvua, akaombea wagonjwa, kisha akaliombea Bunge la nchi hii lisiwe na haraka, Bwana alijalie mabishano marefu. Watu waliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko walivyoitikia ile ya mvua.

Wakamaliza. Redio yangu ilisema Jumanne ile, tarehe nne, nikiwa njiani na maji. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi bajeti imekamilika, vyama vyote viwili vimepongezana, rais ametia saini. Mtangazaji alifurahi. Bajeti mpya haikuitaja Grell, maana pesa yetu ilikuwa ya mwaka uliopita. Sheria ya muda iliishia hapo, na sentensi ya Arlys ikaishia nayo. Nilipofika alikuwa ameshasikia. Alikuwa anasaidia kina mama kubeba madumu, bila koti.

Barua ilikuja Jumanne iliyofuata. Aliifungua mbele yangu akanipa niisome, nami nasoma polepole, kwa hiyo alinisubiri. Ilikuwa kwenye karatasi nzito yenye nembo. Ilisema wanafurahi kumjulisha kwamba, kwa kuwa Bunge halikuidhinisha kufutwa kwa fedha za mji wa Grell ndani ya muda uliowekwa, zuio lote juu ya fedha hizo limeondolewa kuanzia tarehe sita Oktoba, kama sheria inavyotaka. Aya ya pili ilikuwa fupi. Ilisema kwamba, hata hivyo, hakuna fedha zinazopatikana kwa sasa, kwa sababu muda wake ulikwisha tarehe nne Oktoba.

"Wanafurahi," Arlys alisema.

Kwenye mkutano wa baraza wa tarehe kumi na saba nilikwenda, ingawa si kawaida yangu, nikakaa kiti cha karibu na mlango. Arlys aliwasomea barua ile kwa sauti, aya zote mbili. Orrin aliinua mkono kama mtoto darasani.

"Sijaelewa. Wametupa au wametunyima?"

"Hakuna aliyetunyima," Arlys alisema. "Ukitaka nikutajie mtu mmoja aliyepiga kura Grell isipate maji, hayupo. Nimetafuta. Wote walikuwa upande wetu."

Kisha akatoa karatasi nyingine, moja tu, akaiweka mbele ya Delmar. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Delmar aliisoma akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Arlys, usitufanyie hivi."

"Nimekaa miaka kumi na tisa. Mtafuteni mtu mwingine wa kujaza fomu. Pigeni kura niende zangu."

Kanuni za mji wetu zinasema karani haondoki mpaka baraza likubali kwa kura. Delmar alitazama mezani. "Kuna anayetoa hoja ya kukubali?" aliuliza.

Orrin alitazama viatu vyake. Madiwani wengine watatu walitazama dari, ambayo haina kitu. Saa ya ukutani ilisikika. Arlys alisubiri, kalamu mkononi, maana ni yeye aliyekuwa anaandika kumbukumbu za mkutano.

"Orrin," alisema. "Toa hoja."

"Mimi sisemi kitu, dada."

"Delmar, hii si haki."

"Hakuna hoja," Delmar alisema, "kwa hiyo hakuna kura. Suala limebaki mezani. Tuendelee."

"Limebaki mezani mpaka lini?"

"Mpaka mtu atoe hoja."

Arlys aliwatazama mmoja mmoja. Nilidhani atawatupia lile daftari. "Wapumbavu nyinyi," alisema, lakini aliinama akaandika, na akaniambia baadaye kwamba aliandika sawasawa kama ilivyotokea, isipokuwa neno hilo la mwisho.

Asubuhi yake ilikuwa Jumanne. Niliegesha boza, nikafungua koki, mchungaji akatangulia na madumu yake sita. Nilipoingia ndani Arlys alikuwa kwenye simu, kahawa mpya motoni, na juu ya meza alikuwa amepanga upya mafaili yote ya visima kuanzia mwaka wa kwanza.

"Janelle," alikuwa anasema, "nataka fomu. Ndiyo, ile ya mwanzo kabisa, kurasa arobaini. Najua ni kurasa arobaini, nimeshaijaza mara nne." Alinionyesha birika kwa kidole nijimiminie mwenyewe. "Na kitu kingine, binti. Kabla ya fomu, nitumie likizo zao zote za mwaka ujao. Siku kwa siku."